Malimwengu: Ziwa lilifungwa miezi mitatu nikavumilia, daftari ndilo limenishinda

Mwanamwalo (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka apite kimya kimya asije akatukana bure. Ni mambo ya Kikristo lakini mlango uko wazi kwa yeyote.

Mimi ni mtu wa dagaa hapa Kigoma, mwalo wa Kibirizi, pale vyombo vya uvuvi vinaposhusha samaki. Nina chombo kimoja na injini moja. Zaidi ya hapo nanunua kwa wavuvi na kwa kina mama wanaoanika, napakia, nasafirisha. Ni Mkatoliki wa kuzaliwa, mke wangu ni Mmoraviani wa Urambo. Nyumba moja ibada mbili, tumeshazoea.

Mnakumbuka mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wapumue wazaliane. Sisi wa huku tumezoea kupumzika siku chache mbalamwezi ikiwa kali, maana dagaa hafuati taa mwezi ukiwaka. Giza likirudi, watu wanarudi majini. Lakini miezi mitatu mfululizo mimi nilikuwa sijawahi kuionja. Vyombo vikapandishwa mchangani. Chanja zikabaki waya tupu zinawaka jua. Mwalo ambao saa kumi na mbili asubuhi huwezi kusikia unachoongea, ukawa unasikia kunguru wakitembea juu ya mabati. Injini nikaifungua, nikaileta nyumbani, nikaisimamisha kwenye kona ya sebule chini ya picha ya Moyo Mtakatifu, nikaifunika turubai. Watoto wakaanza kuanika soksi juu yake.

Kipindi hicho jumuiya ikaja kusali kwangu. Katekista wetu ni mzee aliyetokea Kasulu zamani, hana hata simu ya kupangusa. Akasoma Marko 10, yule mtu mwenye mali nyingi aliyemkimbilia Yesu akapiga magoti. Nilidhani atatuhubiria ngamia na tundu ya sindano. Wala. Alirudia mstari mmoja tu, ule wa "Yesu akamkazia macho, akampenda", kisha akauliza: "Wanangu, kila mmoja ajijibu moyoni. Ni kitu gani ukiombwa leo jioni, usiku hutalala?"

Macho yangu yakaenda kwenye turubai. Watu wakaniona, wakacheka mpaka mzee mwenyewe akacheka.

Walipoondoka nikajipima kweli. Injini ikiibwa leo nitalia, nitatukana, lakini wiki ya pili nitakuwa nimeshaanza kuulizia nyingine. Usingizi nitaupata. Basi nikajiona nimetakaswa kidogo, msinicheke. Nikazima taa ya sebuleni nikaenda chumbani, nikachukua daftari.

Sasa hilo daftari. Ni kaunta buku ya kwaya mbili, kona zimelika, inanuka dagaa hata ukiifungia kwenye begi. Ndani yake ni majina ya watu wote niliowapa mali kauli, yaani chukua sasa utalipa baadaye, au hela ya mafuta ya kuingilia ziwani. Sitozi riba, sijawahi kuwa kausha damu, hilo niliseme mapema. Ziwa lilikuwa limefungwa, hakuna mwenye cha kulipa, na mimi mwenyewe nilijua. Lakini kila usiku baada ya sala nilikaa ukingoni mwa kitanda nikalisoma tangu ukurasa wa kwanza, peni mkononi, na hakuna cha kuandika. Jumla ilikuwa 2,640,000. Nilikuwa naijumlisha upya kana kwamba leo itatoka tofauti. Na kila jina lilikuja na sura yake. Huyu nilimwona na khanga mpya Jumapili. Huyu anacheka sana kijiweni, mtu mwenye hela yangu anachekaje hivyo? Yule amebadili njia, siku hizi anapitia kwa nyuma ya msikiti.

Usiku mmoja mke wangu akageuka kitandani akasema, "Baba Neema, hiyo ndiyo imekuwa rozari yako."

Ziwa likafunguliwa. Baadhi wakalipa, wengine wakakopa tena. Tabia ikabaki vilevile hadi leo ninapoandika.

Kuna kitu nimekiona katika kusoma ambacho kimenikosesha raha. Sisi Wakatoliki tunasali "utusamehe makosa yetu". Fungua Biblia ya Union, Mathayo 6:12, utakuta "utusamehe deni zetu, kama sisi nasi tuwasamehevyo wadeni wetu". Deni. Wadeni. Miaka zaidi ya arobaini nasali sala hiyo asubuhi na jioni na sikujua kwamba daftari langu limo ndani. Na sura ni ileile moja: ukishuka mstari wa 21 unakutana na hazina ilipo ndipo moyo utakapokuwapo, ukifika 24 unaambiwa huwezi kumtumikia Mungu na mali.

Tukihubiriwa kuachana na malimwengu tunatazama nyumba, gari, shamba, boti. Mimi naona nilichonacho hakinibani sana. Ninachodai ndicho kimenishika koo. Na madai yenyewe si ya hela peke yake. Kuna mtu nilimtolea mgonjwa wake usiku kwa chombo changu, hajawahi kurudi kusema asante, huyo namdai. Kuna kamati ya parokia iliniengua bila kuniambia, hao nawadai. Vyote hivyo navibeba na vina uzito kuliko injini.

Swali langu kwa wenye uzoefu: mmejinasuaje? Sitaki mahubiri, yako mengi. Nataka kusikia mtu alifanya nini.

Kapu_Tupu

Mkuu, ukifika hatua ya kulichoma hilo daftari unitag siku moja kabla, nije nikope.

Reli_ya_Kati

Mleta uzi nakuheshimu, umeandika kwa moyo. Ila nina neno na nitalisema bila kupaka mafuta.

Haya mafundisho ya kutoshikamana na mali, mbona yanahubiriwa zaidi kwa wasio na mali? Mama wa mwalo ana beseni mbili na chanja ya kukodi. Unamwambia ajinasue na nini, na beseni? Mimi nimekulia huku mwisho wa reli, nimeona wazee wakiambiwa heri maskini huku kapu la sadaka linapita mara tatu. Nikaenda mjini nikakuta wale wa upande wa pili, panda mbegu uvune, mafuta ya upako yana bei kuliko ya kupikia. Mmoja ananiambia nisipende hela, mwingine ananiambia nitoe hela ili nipate hela, na wote wawili mwisho wa ibada hela yangu imebaki kwao.

Kama kuna kujinasua kwa kweli, basi kuanzie juu.

Frateri_Mstaafu

Mwangaluka wana jamvi. Niko Tabora. Nilikaa seminari ya Kipalapala miaka kadhaa, nikaona siyo wito wangu, nikatoka kwa amani. Leo nauza spea za baiskeli. Kwa hiyo msiniogope, theolojia yangu ina grisi.

Reli_ya_Kati, swali lako ni la zamani sana. Klementi wa Aleksandria, mnamo mwaka 200 hivi, aliandika hotuba nzima juu ya tajiri yupi ataokoka. Anasema mtu anaweza kutupa mali yake yote na tamaa ikabaki hai, tena ikawa kali zaidi kwa sababu sasa anaililia ile mali aliyoitupa. Na anauliza: kama kila mtu hana kitu, nani atamlisha mwenye njaa? Klementi huyo alikuwa akizungumza na matajiri wa mji, si na maskini. Ukiona fundisho hili linaelekezwa kwa mama wa beseni mbili, ujue limepelekwa anwani isiyo yake. Hapo niko na wewe.

Lakini Mwanamwalo, wewe anwani ni yako.

Inyasi wa Loyola, mwanzilishi wa Wajesuiti, katika Mazoezi yake ya Kiroho ana mfano wa watu wa aina tatu. Kila mmoja amepata dukati 10,000, hela nyingi kwa wakati ule, na hakuzipata kwa sababu ya kumpenda Mungu tu. Wote watatu hawana amani nazo, wote wanataka kuondokana na ule uzito. Wa kwanza anasema nitafanya, nitafanya, mpaka kifo kinamkuta hajafanya kitu. Wa pili anataka kuondokana na ule mshiko, lakini kwa namna ambayo hela zitabaki kwake. Yaani Mungu ndiye aje pale alipo yeye. Wa tatu anauondoa mshiko kabisa, hata hajali kama atabaki nazo au atazitoa, anasubiri aone kipi kinamtumikia Mungu vizuri zaidi.

Nilipofundishwa hilo nikiwa na miaka ishirini na kitu nilijua mara moja kwamba mimi ni wa pili. Mpaka leo ni wa pili. Nina baiskeli moja ya zamani ya marehemu baba, watu wameiomba kununua, nawaambia "ni mali ya Mungu hii" na siiuzi.

Na ukitaka wa kukutisha zaidi, yupo Yohane wa Msalaba, Mkarmeli wa Hispania, karne ya 16. Anasema ndege aliyefungwa kwa uzi mwembamba na aliyefungwa kwa kamba nene wote hawaruki. Uzi ni rahisi kukatika, kweli, ila usipokatika ni yale yale. Kwa hiyo wewe uliyevuka injini na kukwama kwenye daftari, habari yako inajulikana tangu zamani.

Mama_Watatu

Shikamooni wakubwa, wadogo marahaba. Naomba nami niseme maana mada hizi huwa zinaongelewa na wanaume wakiwa wameshakula.

Mume wangu alipata wito wa kuachana na dunia. Tulikuwa Kaliua kwenye tumbaku. Siku moja akarudi kutoka kwenye maombi, akauza baiskeli, akauza mbuzi, akauza cherehani. Cherehani yangu. Niliyopewa na mama yangu mimi, siyo na yeye. Hela akapeleka kwenye huduma. Msimu ule hakulima, alisema ndege wa angani hawapandi. Akawa anafunga siku tatu tatu, na sisi wengine mle ndani tukawa tunafunga bila kukusudia.

Watu walimsifu. Waliniambia nina mume wa kiroho. Mimi nilikuwa natembea na ndoo kichwani kuuza maembe kando ya barabara na mtoto mgongoni, sina hata nguvu ya kuwajibu.

Yule hakuacha mali yake. Aliacha vitu vyangu na wajibu wake. Sifa aliyopata alibaki nayo, na ile hakumgawia mtu. Paulo ameandika 1 Timotheo 5:8 kuhusu asiyewatunza wa nyumbani mwake, kwamba ameikana imani, tena ni mbaya kuliko asiyeamini. Mstari huo sijawahi kuusikia kwenye mkesha.

Sipingi uzi. Nasema tu, ukitaka kujinasua, anza kwa kuhakikisha unachokitoa ni chako.

Reli_ya_Kati

Dada, nimevua kofia.

Frateri_Mstaafu

Mama Watatu, pole sana, na umesema kitu ambacho darasani tulikipita mbio. Hata Antoni wa Misri, yule baba wa watawa, alipolisikia lile neno la "uza ulivyo navyo" kanisani, karne ya tatu hiyo, na wazazi wameshakufa wamemwachia ardhi nzuri kama arura 300 (kipimo cha ardhi cha Misri), aliwagawia wanakijiji ardhi, akauza vilivyobaki akawapa maskini, lakini akaweka akiba kidogo kwa ajili ya dada yake mdogo. Baadaye akaitoa na hiyo, na dada akamkabidhi kwa wanawali waaminifu wamlee.

Mama_Watatu

Na huyo dada aliulizwa?

Frateri_Mstaafu

Hapo umenikamata.

Mjiji_Halisi

Assalaam alaikum. Mimi Muislamu wa Ujiji, napita tu, lakini uzi umeninasa.

Hili mnalolitafutia jina sisi tunaliita zuhudi. Masheikh wetu husema dunia ikae mkononi isikae moyoni. Mwenye zuhudi anaweza kuwa na duka kubwa, na asiye na kitu anaweza kuwa mtumwa wa dunia kwa kuwaza tu. Kwa hiyo mkihitaji neno, tumewaazima, wala hatuliandiki kwenye daftari.

Kwa kuwa mleta uzi ana habari ya wadeni, nimkumbushe ya hapa kwetu. Livingstone mnamjua, mnara wake uko Ujiji, watalii wanakuja kupiga picha pale walipokutana na Stanley. Wengi hawajui siku zilizotangulia zilikuwaje. Oktoba 1871 mzee yule amerudi Ujiji kutoka ng'ambo ya ziwa, mgonjwa, mifupa mitupu, tumaini lake lote ni mzigo wa vitambaa na shanga aliotumiwa. Akakuta aliyekabidhiwa mzigo ameshauuza wote, kwa kisingizio kwamba mwenye mali amekufa. Hakuna kilichobaki. Na mtu huyo huyo akaja kumpa mkono wa salamu! Livingstone akaukataa mkono, na jamaa akanuna kana kwamba yeye ndiye aliyekosewa. Yote hayo mzee aliyaandika mwenyewe kwenye shajara yake, na akajifananisha na yule msafiri wa Yeriko aliyeangukia kwa wanyang'anyi, isipokuwa yeye hakutarajia Msamaria yeyote.

Sasa angalieni. Mtu huyu Stanley alipomfikia na kumwomba warudi wote Ulaya, alikataa. Machi 1872 wakaagana kule Unyanyembe, Tabora, Stanley akaelekea pwani, mzee akabaki Kwihara miezi akisubiri wapagazi, kisha akarudi porini na mwaka uliofuata akafia huko. Nyumba, nchi, sifa, watoto wake waliokuwa Uingereza, vyote aliviweka pembeni (wengine watasema watoto hawakutendewa haki, namwona Mama Watatu anakuja). Lakini ule mkono wa salamu ulimshinda.

Mimi simlaumu. Nimesema tu, mleta uzi, hauko peke yako hapa ziwani.

Kapu_Tupu

Mjiji, hii historia ya kuukataa mkono shuleni hatukufundishwa. Nimekaa.

Wa_Buha

Nasalimu wote. Mimi Mwanglikana wa Kasulu, nimelelewa na bibi aliyeokoka kwenye uamsho, ule ulioanzia Gahini kule Rwanda miaka ya 1930 ukaenea mpaka kwetu Buha. Wazee wale walikuwa na jambo ambalo leo silioni: mtu akiokoka, kazi ya kwanza ni kurudisha. Kabla ya kushuhudia, kabla ya kuimba, unarudisha.

Bibi yangu alirudisha jembe. Aliliokota mpakani mwa shamba la jirani miaka mingi kabla, akalitia mpini mpya, akalilimia mpaka likaisha nusu. Jirani alikuwa ameshasahau. Akaenda akalipeleka na mahindi juu yake, akapiga magoti uani kwa watu. Jirani badala ya kumshukuru akamtangaza kijiji kizima: kumbe mlokole alikuwa mwizi. Bibi alikuwa akisimulia hapo anacheka, anasema jembe lilikuwa jepesi, kilichokuwa kizito ni jina. Alikuwa mwanamke wa kusifiwa, na alitoka pale bila hiyo sifa.

Mwanamwalo kaka yangu, samahani nikikuuliza. Umeandika kuhusu wote unaowadai, wa hela na wa shukrani. Daftari lako lina upande mmoja tu. Wanaokudai wewe umewaandika wapi?

Mwanamwalo

Wa_Buha, nimelisoma swali lako mara tatu. Nipe siku.

Mtoza_Ushuru

Uzi mzuri unaelekea kuharibiwa na mambo ya kurudisha. Biashara ni biashara. Ukianza kurudisha kila kitu utafunga duka.

Reli_ya_Kati

Jina lako tu linatosha, Mkuu. Zakayo alikuwa na kazi kama yako na alirudisha mara nne.

Mwanamwalo

Wakuu nimerudi, wiki ya pili hii.

Nilikaa na peni nikafungua ukurasa safi. Nilianza na vidogo: fundi aliyenishonea turubai, kijana aliyenisaidia kushusha injini. Nikadhani nitamaliza kwa mistari mitano. Halafu nikaandika neno "beseni" nikasimama.

Wa mwaloni watanielewa haraka. Kina mama wanaoanika, tunanunua kwao kwa beseni. Beseni langu la kupimia nalitunza mwenyewe, halikai na mtu. Ni la bati, la zamani. Miaka sita iliyopita nililigonga kitako kwa nyundo ya mpira, polepole, likatoa tumbo kwa chini. Ukilitazama juu ni beseni kama mabeseni mengine. Ukilijaza linameza viganja viwili vya dagaa zaidi, na mimi juu yake nataka kilima. Kila mnunuzi ana ujanja wake, ndivyo nilivyokuwa najiambia. Viganja viwili, beseni kwa beseni, giza kwa giza, miaka sita.

Nikachukua majina ya kina mama walio kwenye daftari ninaowadai mali kauli. Ni kumi na mmoja. Nikapiga hesabu ya viganja, kwa makadirio ya kujipendelea mwenyewe, na hata hivyo hakuna hata mmoja ambaye deni lake linazidi kile nilichomeza kwa lile beseni. Yule wa khanga mpya niliyemtazama kwa jicho baya Jumapili, mimi ndiye ninayedaiwa naye, tena si kidogo.

Nikayafuta yote kumi na moja. Mke wangu akadhani nimesamehe, akaanza kunishangilia. Nikamweleza habari ya beseni. Akanyamaza muda mrefu, kisha akauliza, "Na miaka yote hiyo sadaka ulikuwa unatoa za viganja?" Sikuwa na jibu.

Nimewaambia wenyewe, si wote, nimeanza na wanne. Mmoja alicheka akasema walikuwa wanajua, ndiyo maana chini ya beseni walikuwa wananiwekea zisizokauka vizuri. Hilo nalo limenifundisha, ingawa sijui ni nini. Mwingine hanisemeshi mpaka leo. Beseni nimelipeleka kwa fundi bati akalinyoosha, halijanyooka sawasawa, nimenunua jingine.

Sasa nirudi kwenye mada, maana Frateri atasema nimetoka nje. Nilikuja hapa nikidhani tatizo langu ni kushindwa kuachilia kilicho changu. Karibu nusu ya daftari haikuwa yangu. Mama Watatu alisema uhakikishe unachokitoa ni chako, akimaanisha mumewe, risasi ikanipata mimi.

Wamebaki wavuvi sita. Hao nimewaambia tu, mkipata leteni, msipopata tusalimiane. Wawili wameshaacha kupitia nyuma ya msikiti. Daftari nimemkabidhi mke wangu, liko kwenye sanduku lake, ufunguo anao yeye. Usiku wa kwanza mikono ilikuwa inatafuta cha kushika. Nikachukua rozari yenyewe, nikalala kwenye fumbo la pili, lakini nililala.

Yule niliyemtolea mgonjwa, na kamati ya parokia, bado. Sitawadanganya.

Na limebaki jina moja. Ukurasa wa kwanza kabisa, mstari wa kwanza. Ni mdogo wangu, wa tumbo moja. Shilingi 380,000, alichukua kwenda kutafuta maisha Kalemie, akarudi kimya kimya baada ya mwaka, akaanza kuvua na chombo cha mtu mwalo wa Katonga, hata kunipigia hakunipigia. Msiba wa mama alikuja akakaa na wageni. Mke wangu aliponipa kalamu ili nilifute na hilo kabla hajalifungia, nikashindwa. Hela si kitu, nimeshafuta zaidi ya hapo. Mkono ulikataa tu.

Frateri_Mstaafu

Ndugu yangu, nilisema habari ya uzi na kamba. Kamba umezikata zote. Huo ndio uzi wenyewe.

(Baiskeli ya marehemu jana nimempa mtoto wa dada yangu, anasoma mbali na nyumbani. Nimemwambia aitunze. Nimemwambia mara nne. Na leo nimempigia kuuliza kama ametia upepo.)

Mjiji_Halisi

Mleta uzi, Katonga siyo Kalemie. Ni bodaboda tu.

Mama_Watatu

Mwache apige simu kwanza, mwendo mtu huandaliwa. Mwanamwalo, ukimpigia usianze na hela wala usianze na msiba. Muulize amekula nini.

Mwanamwalo

Nimempigia sasa hivi. Imeita mpaka ikakatika yenyewe. Leo ni giza, atakuwa ameshaingia ziwani. Nitajaribu asubuhi vyombo vikirudi.